Kilicho Chini ya Kifuniko

Neno letu la leo limetoka Injili ya Luka 16:10, ambapo Bwana anafundisha juu ya uaminifu katika mambo madogo.

Hapa Kisumu, toka Kondele hata Dunga, na katika njia ya kwenda Bondo, wengi wetu husafiri kwa boda boda. Zamani zilikuwa baiskeli. Baada ya Serikali kupunguza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, injini ilichukua kazi ya miguu. Mama mwenye beseni la omena, mtoto wa shule, mgonjwa aendaye hospitali, wote hukaa nyuma ya dereva na kuamini.

Injini hiyo huishi kwa oili. Katika pikipiki nyingi, wakati wa kubadilisha oili fundi hufungua kifuniko kidogo ubavuni mwa injini, kilichoshikwa na bolti mbili au tatu. Ndani mna filta, na ukingoni mna pete nyembamba ya mpira. Kufungua ni rahisi. Kazi yenyewe ni kurudisha.

Fundi mwaminifu huhakikisha kwanza kwamba pete ya zamani imetoka, kwa maana pengine hunata, na pete mbili zikikaa pamoja oili huvuja. Hufuta mchanga wote. Pete mpya huipaka oili safi kidogo. Filta huitia kwa upande wake, kwa kuwa zipo ambazo zikigeuzwa huziba njia ya oili. Kisha huingiza bolti zote kwa vidole, ndipo hutwaa spana na kuzikaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, hata kifuniko kikae sawasawa. Hatumii nguvu nyingi, maana bolti ni ya chuma, na injini ni ya alumini iliyo laini. Nyuzi zikikatika, bolti haishiki tena. Mwisho huwasha injini na kutazama kama kuna tone.

Kifuniko kikishafungwa, hakuna mtu aonaye kilicho chini yake. Mwenye pikipiki hulipa na kwenda zake. Lakini pete mbovu itajulikana njiani, mbali na fundi. Oili ikifika gurudumu la nyuma, pikipiki huteleza pamoja na abiria. Oili ikiisha, injini hukwama, na kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo hukosa chakula cha watoto wake.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana kazi iliyo chini ya kifuniko. Mweka hazina ahesabuye sadaka, mwalimu asahihishaye madaftari usiku, mama apimaye mahindi kwa gorogoro sokoni Kibuye: nani atakayejua? Hata oili chafu, ni rahisi kuimwaga mtaroni gizani. Lakini maji ya mitaro yetu huteremka ziwani, na ziwa ndilo linalotulisha. Waraka kwa Waebrania 4:13 unatukumbusha kwamba mbele za Mungu hakuna kiumbe kilichofichika. Kwake vifuniko vyetu vyote ni wazi.

Basi tufanyeje tukiona tone? Fundi mvivu hulifuta kwa kitambaa, na kifuniko hung'aa. Fundi mwema huzima injini na kufungua tena, ingawa mteja ana haraka na jua linatua. Hiyo ndiyo toba. Si kupangusa nje ili tuonekane safi siku ya Jumapili, bali ni kumruhusu Bwana afungue, aitoe pete ya kale, na kutia mpya. Naye hakazi kupita kiasi, kwa maana ajua sisi tu laini.

Tuombe. Ee Bwana, uchunguze yaliyo ndani yetu. Utupe uaminifu pale pasipo mtu wa kutuona, ili wale wanaotutegemea wafike salama. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.