Aliyenunua Ni Nani?

Msikilizaji, tarehe 23 Desemba 2010 mwanamume mmoja, kichwa kimefunikwa kofia ya sweta, aliingia katika duka la kituo cha mafuta mjini Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Alinunua mikate miwili ya soseji na tiketi za bahati nasibu iliyoitwa Hot Lotto. Siku sita baadaye, tiketi yake moja ikashinda dola milioni 16.5. Mshindi kimya.

Karibu mwaka mzima kimya. Zimebaki saa chache tiketi ife, wakili wa New York akaileta kwa niaba ya mfuko wa amana wa Belize. Watu wa bahati nasibu ya Iowa wakauliza jambo moja tu: aliyenunua ni nani? Jibu halikupatikana, na mwezi uliofuata dai likaondolewa.

Video ya dukani ilipotangazwa mwaka 2014, waliowahi kufanya kazi na mtu huyo wakaitambua sauti. Alikuwa Eddie Tipton, mkuu wa usalama wa mifumo katika chama kilichokuwa kikiendesha mchezo wenyewe. Programu ya kuchagua namba aliiandika yeye.

Iowa inamkataza mtumishi wa bahati nasibu kununua tiketi. Ukisikia hivyo unaweza kucheka: kwani karani haruhusiwi kubahatisha kama sisi? Lakini Tipton alipotiwa hatiani kwanza, mwaka 2015, hila iliyokuwa ndani ya programu ilikuwa bado haijaonekana. Kilichoonekana ni mtu na tiketi asiyotakiwa kuishika. Hila ilibainika baadaye, kompyuta ya bahati nasibu ya jimbo la Wisconsin ilipochunguzwa: siku tatu za mwaka, zikiangukia Jumatano au Jumamosi usiku, namba zilitabirika. Mwaka 2017 akakiri, akahukumiwa kifungo kisichozidi miaka 25.

Marufuku hiyo nzuri, ila ina tundu. Jamaa wanaozuiwa pamoja na mtumishi, yaani mwenzi, mtoto, ndugu na mzazi, ni wale tu wanaoishi naye nyumba moja. Wallahi, aliyeandika hivyo hakulelewa kwetu, ambako shemeji wa Tanga anajua mshahara wako umeingia kabla yako! Mimi ningeandika kwamba fedha zifuatwe zinakokwenda, si mtu anakolala.

Maana Tipton alipitia tundu la namna hiyo katika majimbo mengine. Mwaka 2007, Wisconsin, zawadi ilikwenda kwa rafiki yake. Miaka miwili kabla, Colorado, sehemu ya donge la dola milioni 4.8 ilimfikia ndugu yake wa damu, mkazi wa Texas. Na huyo ndugu hakwenda kuchukua fedha mwenyewe. Alimtuma rafiki, akamwachia asilimia 10. Dola kwa maelfu, kumlipa mtu akusainie tu karatasi ya ushindi wako.