Kimeng'enya na Pingu Yake

(Hotuba ya mwanachama mmoja kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie kazi yangu ya kemia. Nitazungumzia kosa langu.

Wazee wetu wa Nachingwea walituhadithia mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukavunjwa 1951. Karanga zilishindwa, lakini utafiti wa kilimo uliendelea, na katika miaka ya 1950 zilizalishwa hapa mbegu za soya zinazofaa nyanda za joto. Basi nilipomkuta mpwa wangu kule Ruangwa amedhoofu, nilimwambia dada yangu atie unga wa soya kwenye uji. Miezi ikapita, mtoto haongezeki uzito. Kuuliza, kumbe soya ilisagwa mbichi, na uji ulitokota dakika chache tu.

Kongosho hutoa tripsini, kimeng'enya cha kuvunja protini. Kina maumbo mawili. La kwanza, tripsinojeni, limelala. Lingekuwa macho lingeila kongosho yenyewe. Likifika utumbo mwembamba hukatwa kipande kidogo cha mwanzo, hujikunja upya, likaamka.

Soya mbichi ina protini inayoingia kinywani mwa tripsini na kukwama humo. Zikishikana, haziachani kwa urahisi, na kazi husimama. Mwaka 1945 Moses Kunitz, wa Taasisi ya Rockefeller huko Marekani, alieleza jinsi alivyoipata protini hiyo ikiwa fuwele. Ina vifungo 2 vya salfa, na moto wa kutosha huiharibu. Nduguye, iitwayo ya Bowman na Birk, ni ndogo zaidi lakini ina vifungo 7, kwa hiyo ni sugu. Tangu 1917 Osborne na Mendel walikwisha onyesha kwamba panya hukua vizuri kwa soya iliyopikwa, si kwa mbichi.

Kwa hiyo soya haitaki haraka: iloweke, ichemshe hadi ilainike, ianike, ndipo uisage.

Sisemi soya peke yake ndiyo iliyomdhoofisha mtoto yule; alikwisha dhoofu kabla. Lakini mimi niliyejua habari za vifungo vya salfa sikumwambia dada yangu habari za sufuria. Leo mtoto yuko darasa la tano.

Vijana, mkirudi likizo na elimu, ifikisheni mpaka jikoni.