Ndugu Zetu wa Mto Juba

Sisi tuliotoka Handeni na Korogwe twapenda kusema nanyi maneno machache juu ya fahari. Kila mtu hufurahi asikiapo kwamba mtu wa kwao amefanya jambo jema katika nchi ya mbali. Uzigua nayo inao watu wa namna hiyo, ila sifa zao hazitajwi sana.

Katika miaka ya 1830 njaa kuu iliingia Uzigua. Watu wakashuka pwani kutafuta chakula. Wazee husimulia kwamba waliahidiwa kazi na ujira, wakapanda majahazi. Kumbe walipelekwa kuuzwa utumwani pwani ya Somalia. Baadaye wengine walitoroka. Mapokeo yao yamtaja mwanamke, jina lake Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Nia yao ilikuwa kurudi kwao, lakini njia ilikuwa ndefu, nao wakakaa kando ya mto Juba, wakafyeka msitu, wakalima mahindi na ufuta.

Basi twawasifu kwa lipi? Hawakupata cheo wala mali. Lakini walikaa huko zaidi ya miaka 150, bila shule ya lugha yao, wala hawakuacha kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipowatawanya tangu mwaka 1991, wengine walifika Handeni, wakawekwa Mkuyu, kisha Chogo. Waliitwa wakimbizi, lakini walipofumbua vinywa vyao, wenyeji walisikia maneno ya bibi zao. Baadaye wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Wengine, tangu mwaka 2003, walipelekwa Marekani, na katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, wako walimao mahindi katika nchi ya theluji. Wengi wao ni Waislamu, nasi ni Wakristo. Udugu haukukatika kwa sababu hiyo.

Lakini tujihadhari. Sifa ya ndugu ni nguo ya kuazima, nayo nguo ya kuazima haisitiri. Wao walishika lugha utumwani na msituni. Sisi tuliobaki nyumbani kwa amani, watoto wetu wangapi wajua kumwamkia babu kwa Kizigua, au Kisambaa, au Kibondei? Hatukunyang'anywa na mtu. Tunaiacha wenyewe.

Waalimu, Kiswahili na tukifundishe kwa bidii, maana ndicho kituunganishacho. Lakini jioni, kazi ikiisha, wazazi na wawasimulie watoto hadithi kwa lugha ya nyumbani. Na tuwapo na nafasi, twende Chogo tukaketi na ndugu zetu. Tusiende kwa kuwahurumia, bali twende tukajifunze kwao. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kusema, Hawa ni watu wetu.