Matairi Makuukuu na Fedha za Umma
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mariakani



Sisi wa Mariakani tuko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Malori yapita usiku na mchana, yasimama kwenye mizani, na matairi yakichakaa yanabaki kwetu.

Hasara yake ni mbili. Kwanza, tairi lililotupwa hushika maji ya mvua, na mbu aina ya Aedes hutaga humo. Ndiye aletaye dengi, iliyozuka Mombasa 2013, na chikungunya, iliyozuka huko mwishoni mwa 2017. Pili, wako wanaoyachoma wapate waya wa kuuza. Moshi ule ni sumu, na watoto wanauvuta.

Lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Fundi wa akala ajua tairi ni mali: latoa viatu, kamba za mpira, na karai la kunyweshea mbuzi. Kinachokosekana ni banda, visu vizuri na gari la kukusanyia.

Je, pesa zitoke wapi? Katiba ya 2010 imeipa serikali ya kaunti kazi ya kuzoa taka. Basi kikundi kinachokusanya matairi kinafanya kazi ya umma, na kuomba fungu la kodi si kuomba sadaka. Tena, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 yamtaka mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa nchini awajibike hata ikishakuwa taka. Kwa hiyo mzigo wote usiwe wa mwananchi.

Sasa tufanye nini?

1. Sajilini kikundi, mfungue akaunti, mwandike mihutasari.

2. Hesabuni matairi yaliyotupwa kijijini, na mtafute wanunuzi kabla ya kuomba pesa. Mradi usio na soko hufa pesa zikiisha.

3. Pelekeni ombi kwenye mikutano ya wadi mapema. Mpango wa maendeleo wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba kila mwaka. Mkija Oktoba, mmechelewa.

4. Ulizeni: hii ni ruzuku au mkopo? Mfuko wa Uwezo, ulioanzishwa 2013, ulikopesha vikundi bila riba. Lakini mkopo ni deni, hata usipokuwa na riba.

Maswali ya kujadili: Kijijini kwetu nani anachoma matairi, na kwa nini? Tukimkataza, tutampa kazi gani badala yake?