Redio ya 1973 na Kishikwambi cha Leo
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Masakta)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie sera ya Serikali kuhusu TEHAMA mashuleni, kwa kuwa ajenda ya tano ya leo ni mchango wetu wa kompyuta. Rai yangu naitoa mapema: tuamue kwanza nani atazifundishia, ndipo tuzinunue.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu zake kuvurugika katika mitambo hiyo. Marufuku ikalegezwa miaka ya 1980. Lakini mwaka 1973 taifa hili hili lilikuwa limefundisha watu wapatao milioni mbili kwa redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Nilikuwa kiongozi wa kikundi. Redio yetu ilikuwa moja, na betri zikichoka tulizianika juani. Hata hivyo kazi ilikwenda, kwa sababu viongozi wapatao 75,000 walikuwa wamepewa mafunzo mapema, kitabu kilikuwepo, na kipindi kilikuwa na siku na saa yake. Tukishasikiliza tulijadili, kisha tukatoka kuchimba vyoo.

Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi ya mwaka 2007, ambayo inahusu hata sekondari, inalijua jambo hili. Pamoja na vifaa, inataja mafunzo ya walimu, mitaala na matengenezo. Na Serikali haikukaa bure: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu badala ya kufungiwa ghalani, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao.

Shida iko hapo kati. Mwalimu mmoja, ambaye shule yake siitaji, aliniambia kishikwambi chake anakitumia zaidi kujaza takwimu kuliko kufundishia; wanafunzi ni wengi na kioo ni kidogo kama sahani. Simlaumu. Hakuna aliyekaa naye hata juma moja kumwonyesha. Sisi wa Hanang habari hii si ngeni kwetu. Tuliziona kombaini za mashamba ya ngano ya Basotu, zilizotegemea vipuri vya kutoka Canada.

Kwa hiyo naomba mchango wetu ugawanywe. Nusu ilipie mafunzo ya walimu wanne wakati wa likizo, pamoja na posho ya fundi. Inayobaki inunue projekta moja na kompyuta chache, vitabu vya Taasisi vikiwa vimeshapakuliwa humo, maana mtandao wetu mvua ikinyesha huondoka na mawingu. Ratiba ya chumba ibandikwe mlangoni. Wanaoona walimu wanne ni wachache, waniambie leo wapo wangapi.

Ndugu Mwenyekiti, Mweka Hazina anazo hesabu mbele yake. Naomba hoja ipigiwe kura kabla ya chakula, kwani baada ya nyama wapiga kura hupungua.