Abiria Mdogo Kuliko Wote: Mada juu ya Kuwachukua Watoto Kwenye Matumbawe ya Kisite



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la anasa tupu, nalo ni kuwachukua watoto, pamoja na wazazi wao, kwenda kuelea juu ya matumbawe wakiwa na miwani ya maji na mrija wa kupumulia, na mwongozaji yuko ubavuni mwao. Muradi wangu ni mmoja, na afadhali niutaje mapema ili wenye haja ya kunipinga wapate wasaa wa kujiandaa: safari ya namna hii yapasa kupimwa kwa abiria aliye mdogo kuliko wote chomboni, si kwa yule aliyetoa fedha. Saa ya kuondoka, mahali pa kutia nanga, muda wa kukaa majini na hata uamuzi wa kurudi bandarini kabla ya wakati, vyote vimtazame huyo mdogo kwanza, kwa kuwa anayoyaweza yeye wote watayaweza, na yanayomshinda yeye aghalabu huwashinda wazazi wake pia, ila wao huona haya kukiri.

Mahali penyewe mnapajua kuliko mimi. Maji ya Kisite na Mpunguti yalitiwa katika hifadhi mwaka 1973, yakapangwa upya mwaka 1978, na hata leo yamo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Kisite, yenye eneo la kilomita za mraba 28, haivuliwi kabisa, na Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, huruhusiwa uvuvi wa jadi. Huku kaskazini ipo hifadhi ya Diani na Chale, iliyotangazwa mwaka 1995, ambayo ni kubwa zaidi kwa eneo lakini wavuvi hawakuridhika nayo, na ulinzi wake haukushika mizizi kama ule wa Kisite. Ndiyo sababu mgeni anayelala Diani hupandishwa gari alfajiri, akapitishwa Msambweni, akateremshwa Shimoni, ingawa mwamba upo mbele ya dirisha lake.

Na hapo ndipo kasoro ya kwanza inapoanzia. Ratiba ya hoteli ni ile ile kila siku: gari alfajiri, chombo kwenye saa tatu, chakula Wasini adhuhuri. Bahari haina ratiba hiyo. Hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kila siku huchelewa kidogo kuliko siku iliyotangulia, na baada ya juma moja mambo yote huwa yamegeuka. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hufikia mwisho wa kupwa kwake kwenye saa nne au saa tano za asubuhi na kujaa alasiri, na tofauti baina ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Maji hayo yote lazima yapite mahali, nayo hupita kwa nguvu katika mkondo baina ya Shimoni na Wasini na pembezoni mwa visiwa vya Mpunguti. Siku za maji mafu, saa nne ya asubuhi huikuta bahari imejaa, na mwendo wake ni wa taratibu. Mzee yeyote wa Wasini anayehesabu mwezi wa Kiislamu aweza kuyasema haya bila kufungua kitabu, na bado tunawauzia watu safari ya watoto tarehe 15 ya mwezi mwandamo kwa bei ile ile na kwa saa ile ile ya tarehe 8. Kwa mtoto aingiaye majini mara yake ya kwanza mimi ningechagua maji mafu daima, na pale isipowezekana, ningeingojea ile nusu saa ambayo maji yamesimama, hayaendi wala hayarudi, hata kama wapishi wa Wasini watalazimika kupasha wali moto tena.

Yako pia majira. Wenye kujua huipenda kaskazi, baina ya Desemba na Machi, na maleleji yanayoitangulia, wakati bahari imelala na maji yamekuwa meupe hadi chini. Lakini likizo za shule hazikupangwa na wavuvi. Likizo ya Aprili huangukia kwenye masika, mito inapomwaga udongo baharini. Ya Agosti huikuta kusi ikiwa kali, mawimbi yamesimama nje ya Wasini na mtoto anatapika kabla hajauona mwamba. Ya mwisho wa mwaka peke yake ndiyo inayopatana na bahari. Siwashauri manahodha wafunge biashara Agosti, bali wawe na ujasiri wa kubadili safari. Asubuhi ya kusi kali, jamaa yenye watoto wadogo yaweza kupelekwa kwenye bustani ya matumbawe ya Wasini, ambayo kina mama wa kisiwa wameijengea njia ya mbao juu ya yale matumbawe ya kale yaliyoinuka nchi kavu, au ikasimama Gazi kwenye daraja la mikoko, au ikateremka Kibuyuni kutazama mwani unavyofungwa kambani. Mzazi aliyeambiwa ukweli hakasiriki sana kama tunavyoogopa; anayekasirika ni yule aliyeambiwa bahari ni shwari kisha akashuka chomboni na mtoto aliyelegea.

Sasa nije kwenye vifaa vyenyewe, na hapa naomba ruhusa ya kukawia, kwa sababu naona kazi nyingi huharibika kwenye ngazi ya chombo kwa jambo ambalo lingetengenezwa nchi kavu kwa dakika chache. Miwani ya mtu mzima haimfai mtoto hata ikikazwa mpira mpaka uso ukakunjamana. Huvuja, na mtoto aliyeingiwa na maji ya chumvi puani mara mbili hatataka kuingia ya tatu. Kipimo ni hiki: nywele zote zirudishwe nyuma, miwani iwekwe usoni bila mpira, mtoto avute pumzi kwa pua, mkono uachwe. Ikibaki pale pale ikimshika, ni yake. Ikianguka, itafutwe nyingine, na kama hakuna nyingine asiambiwe kwamba itafaa. Mrija nao uwe mfupi na mwembamba kadiri yake. Mapafu ya mtoto ni madogo, na mrija mrefu wa mtu mzima hubaki na hewa aliyoitoa mwenyewe, ambayo akivuta tena huwa anapumua uchafu wake, hata kichwa kikamuuma asijue sababu. Na mapezi, kwa mtoto wa miaka sita au saba, mimi huyaona ni mzigo. Viatu vya mpira vyamtosha, maana khatari yake kubwa ni kusimama juu ya wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaojificha katika mianya ya mwamba.

Niliwahi kumtazama mwongozaji mmoja kijana, mzaliwa wa pwani hii hii, akimfundisha binti wa wageni kutoka bara ambaye hakuwahi kuona bahari. Hakumpeleka chomboni kwanza. Alimkalisha ufukweni penye maji ya magotini, akamwambia alaze uso tu, asiogelee, ahesabu pumzi kumi kisha ainuke amweleze alichokiona. Mara ya kwanza aliona mchanga. Mara ya pili aliona mchanga na kidole cha mguu wa mwongozaji, wakacheka wote. Mara ya tatu hakuinuka, kwa kuwa palipita vijisamaki vidogo vyenye milia, na yule kijana akasimama kando yake kimya, mkono wake ukiwa chini ya tumbo la mtoto bila kumgusa. Walipofika Kisite binti alishika boya la duara lililofungwa kamba kiunoni mwa mwongozaji, naye akavutwa polepole juu ya mwamba pasipo kupiga teke hata moja. Baba yake, aliyeruka kutoka chomboni kwa kishindo, alirudi kabla yake, amechoka.

Namna hii ya boya na kamba naipendekeza kwa kila chombo, na kwa maoni yangu mwongozaji mmoja asichukue watoto zaidi ya wawili, wala mzazi asihesabiwe kuwa ni mwongozaji, kwa kuwa mzazi mwenyewe amevaa miwani na anatazama samaki. Jaketi la kuelea livaliwe tangu gatini hata na mtoto anayejigamba kuwa anajua kuogelea kwa sababu alijifunza katika bwawa la hoteli. Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia kuzama, na katika dunia nzima watoto ni miongoni mwa wanaozama kwa wingi. Wengi wao huzama kimya, pasipo kelele wala kupunga mkono, karibu na watu wazima waliodhani wanawatazama.

Baridi nayo hudharauliwa. Maji yetu ni ya joto, takriban digrii 25 hadi 29 kwa mwaka, lakini bado ni baridi kuliko damu, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa. Midomo ikianza kutetemeka safari ya majini imekwisha, hata kama mtoto analia kwamba anataka kubaki. Atolewe, afunikwe kanga kavu, apewe chai ya tangawizi. Mgongo wake ufunikwe kwa fulana ya mikono mirefu, maana anayeelea kifudifudi huunguzwa na jua bila kujua. Fulana ni bora kuliko mafuta ya kujipaka, ambayo baadhi yake yana dawa zidhuruzo matumbawe, hata jimbo la Hawaii likapiga marufuku kuuzwa kwa baadhi ya hizo tangu mwanzo wa mwaka 2021.

Je, mtoto aonyeshwe nini? Waongozaji wengi hukimbilia pomboo, na wengine hutupa mkate ili samaki wajae. La mkate ni la kuachwa tu. Juu ya pomboo nasema hivi: mtoto awatazame akiwa ameketi chomboni, mashine ikiwa polepole au imezimwa, na chombo kisiwakate njia wala kuwazunguka pamoja na vyombo vingine vitano. Pomboo wasipokuja, basi hawakuja. Mtoto hawezi kuikosa furaha mahali penye pono. Samaki huyu huguguna mwamba kwa meno yake, na mtoto aliyetulia, akanyamaza, huisikia sauti ya kuguguna huko waziwazi chini ya maji. Kisha aelezwe kwamba chokaa aliyoimeza pono hutoka nyuma ikiwa mchanga, na kwamba sehemu ya fungu jeupe analolikanyaga pale Kisite ilipitia tumboni mwa samaki. Sijaona mtoto aliyelisahau hilo. Aelezwe pia kwamba tumbawe ni mnyama, na kwamba lile la duara kama jabali hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, basi lililo na kimo chake lilianza kabla ya babu yake kuzaliwa. Akijua hivyo hatalisimamia. Na asifichwe kwamba sehemu nyingine zimekufa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyaua matumbawe mengi ya Kenya, likarudi tena mwaka 2016, na baadhi ya wenyeji wa Mkwiro na Wasini leo hii wanapandikiza mapya kwa mikono yao. Mtoto huyaelewa haya kuliko tunavyodhani, na huuliza maswali ambayo mwongozaji ajiandae kuyajibu. Asiokote kombe lolote: kwanza ni haramu katika hifadhi, pili lile la koni lenye mapambo ya kuvutia lina sumu iwezayo kumuua mtu mzima.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja. Katika hayo yote nimesema mtoto, na kila mmoja wetu hapa amemwaza mtoto wa mgeni, awe wa Nairobi au wa Ulaya. Yupo mtoto wa Msambweni ambaye baba yake huvua nje ya mwamba, ambaye amekula tafi na changu tangu alipoota meno, na hajapata kuvaa miwani akawaona wakiwa hai. Na kama ni binti, huenda hata kuogelea hakufundishwa. Siku nyingi vyombo huondoka Shimoni vikiwa na nafasi tupu. Napendekeza kila chombo kitenge nafasi mbili, siku za maji mafu za kaskazi, kwa wanafunzi wa shule zilizo karibu, wakiambatana na mwalimu wao, na wafunzwe kwa taratibu zile zile za boya na kamba. Insafu yataka hivyo, na biashara nayo yataka, kwani waongozaji wa miaka ishirini ijayo watatoka humo. Kuijaza nafasi tupu hakuongezi mafuta ya mashine kwa kiasi cha kutajika; gharama iliyopo ni ya kiingilio cha hifadhi, ya miwani midogo na mirija mifupi, na ya mwongozaji wa ziada. Ya vifaa nadhani vikundi vya ufukweni na wenye hoteli waweza kuichanga. Ya kiingilio yataka barua kwa wasimamizi wa hifadhi, na ya mwongozaji wa ziada sijui kama manahodha watakubali ilipwe kutoka fungu lao au iongezwe katika bei ya mgeni. Naomba mjadala wetu uanzie hapo, na wa kwanza kusema wawe manahodha.