Grisi Haifungi Skrubu Iliyolegea

Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa mbele ya wakazi, mafundi wa stima na wahudumu wa bodaboda katika kikao cha kaunti kuhusu usalama wa stima.



Wakazi wengi huamini kwamba mradi breka haijajikata, stima ya nyumba iko salama. Si kweli. Breka hujikata pale umeme unapozidi kiwango chake. Kiungo kibovu hakizidishi umeme. Huubana tu njiani, na pale unapobanwa ndipo joto huzaliwa.

Chukueni mfano wa shawa ya stima ya wati 5,400. Kwa volti 240 inavuta ampea 22.5. Ikiwa skrubu moja imelegea na kuleta ukinzani wa omu 0.1 tu, hapo panatokea joto la takriban wati 50. Hilo ni joto la kichomeo cha fundi wa redio, limefungiwa ndani ya plastiki, pengine juu ya mbao za dari. Breka ya ampea 32 haioni lolote. Mwenye nyumba ataona soketi au boksi limegeuka rangi ya kahawia, au atasikia harufu ya samaki aliyeoza, ambayo mara nyingi ni plastiki inayoungua.

Vyuma viwili vikifungwa pamoja huonekana vimeshikana kote, lakini kwa kweli hugusana kwenye vinundu vichache tu. Hewa na unyevu huingia katika nafasi zilizobaki na kuleta kutu. Alumini ndiyo yenye taabu zaidi. Ukiikwaruza, hushika utando mpya papo hapo, na utando huo haupitishi umeme. Nyaya nyingi za juu ni za alumini, na za ndani ya nyumba ni za shaba. Vikikutana penye unyevu, alumini huliwa polepole. Ndiyo maana kuzisokota pamoja na kuzifunga kwa tepu ni kazi ya hatari. Panatakiwa kiunganishi kilichotengenezwa kwa metali hizo mbili.

Hapo ndipo grisi inapohitajika, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Kuna grisi isiyopitisha umeme, kama ya silikoni au Vaseline. Kuna nyingine iliyochanganywa na unga wa shaba, fedha, grafaiti au zinki, ambayo hupitisha. Ile yenye zinki hutumika sana kwenye alumini, kwa sababu chembe zake hupasua ule utando kiungo kinapokazwa. Yenye grafaiti isipakwe kwenye alumini mahali penye maji, maana itaharakisha kuliwa kwake. Hata hivyo, hakuna grisi inayopitisha umeme kama metali yenyewe. Kazi kubwa ya grisi yoyote ile ni kuzuia hewa na maji. Mafuta ya kupikia yabaki jikoni. Yakiharibika hutoa asidi inayokula shaba.

Grisi inayopitisha umeme isiwekwe kwenye plagi au kiunganishi chenye pini nyingi zilizokaribiana. Ikisambaa kutoka pini moja hadi nyingine, inakuwa daraja la umeme, na hiyo ni shoti.

Kwa wenye sola na pikipiki, hasara huwa ya mfukoni. Ule ukinzani wa omu 0.1, betri ikitoa ampea 20, hula volti 2 kati ya 12. Taa zinafifia, starta inagoma, na mwenye betri anakwenda kununua mpya wakati ya zamani ilihitaji kusafishwa tu.

Zima kila kitu na ufungue waya wa hasi kwanza. Vaa glavu na ukinge macho. Safisha ule unga mweupe au wa kijani kwa brashi na maji yenye magadi, yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, kisha kaza kwa spana mpaka kichwa kisicheze. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Ndipo upake Vaseline kidogo juu. Haitazuia umeme, kwa kuwa vyuma vimekwisha kushikana chini yake.

Hayo ni ya betri ya volti 12. Stima ya nyumba ni jambo jingine. Ukiona soketi imebadilika rangi au boksi lina joto, zima swichi kuu na usiiwashe tena mpaka fundi afike. Kabla hajagusa kitu, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EPRA, na uangalie kama muda wake haujaisha.